Ndege Hufukuzwa Wangali Hewani

Mzee aliyenifundisha kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, amefariki. Habari zilinikuta Mkula, kando ya barabara, nikiwa nimekaa juu ya magunia nikisubiri gari la kwenda Kidatu. Aliyenipigia simu ni binti yake. Hakulia. Alisema tu, "Kaka, baba ametutoka asubuhi hii. Kamba ilikuwa mkononi mwake." Nikashuka kwenye magunia, nikavuka barabara, nikapanda gari la kurudi Ifakara. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua reli inaishia wapi, na tangu hapo nimepanda miti Uchindile, nimebeba matofali, nimeuza nyanya, na safu hii nimeiandikia kwenye meza za mama lishe wengi kuliko ninaoweza kuwakumbuka. Sina kawaida ya kurudi nilikotoka. Kwa mzee huyu nilirudi kila mwaka.

Mara ya kwanza nilimkuta shambani kwake ng'ambo ya mto, wakati mpunga umeanza kutia maziwa. Msimu huo watu wengi wa huku hufunga nyumba zao mjini na kuhamia mashambani na sufuria zao, kuku wao na magodoro yao, hadi mavuno. Mzee alikuwa amejenga dungu, jukwaa la miti juu ya nguzo ndefu lenye paa la nyasi, na kutoka hapo kamba zilitawanyika pande zote za shamba, zimefungwa makopo matupu. Ukivuta kamba, makopo yanalia, ndege wanapaa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama najua kuamia. Nikamwambia, "Kufukuza ndege tu, mzee? Nani asiyejua?" Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akaniachia kamba. Siku hiyo kila kundi lilipotua, nilivuta kwa nguvu na kupiga kelele hadi sauti ikakauka. Jioni akanitembeza kwenye kona ya shamba iliyobaki makapi matupu. "Bwana mdogo," akasema, "ulikuwa unawafukuza au unawakaribisha? Ndege akishatua, amekwisha kula. Anafukuzwa angali hewani." Kisha akacheka hadi akashika nguzo, na chakula cha jioni akanipa kile kile alichompa binti yake.

Miaka ikapita. Msimu huu nilimkuta amelala nyumbani kwa binti yake mjini, saratani imemshika mgongo. Alikuwa ameshapelekwa hospitali, kisha hospitali kubwa zaidi, na madaktari walikuwa wamesema kweli yote: ugonjwa haungeweza kuondolewa tena. Ndugu wengine walitaka apelekwe mahali pengine, na pengine tena. Mchana mmoja binti ametoka kwenda sokoni, mzee akanishika mkono. Akanikumbusha maksai wa jirani yake, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake, ambaye zamani walikuwa wakigombana naye kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mpunga. Maksai huyo alivunjika mguu mfereji ulipobomoka, na ni mzee aliyesema achinjwe mara moja asiteseke. "Maksai mlimwonea huruma hata jua halijapanda," akaniambia. "Mimi mnaniletea uji. Wewe si ndugu, hutalaumiwa. Nisaidie nipumzike."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu vizuri. Nilisema naenda kuchota maji, nikatoka, nikasimama uani huku ndoo ikifurika. Katika kuzungukazunguka kwangu nimewauliza watu wengi swali hili. Katekista mmoja aliniambia uhai si mali yetu, imamu mmoja akaniambia jambo hilo hilo kwa maneno mengine, na utingo mmoja akaniambia kumwacha mtu alie wiki nzima ni ukatili, dini isisingiziwe. Wote niliwasikiliza, lakini hakuna kati yao aliyekuwa ameshikwa mkono na mtu anayempenda. Na niseme ukweli wangu: sehemu ya moyo wangu ilitaka kumkubalia. Nilikuwa nimechoka kufua mashuka, nimechoka na ile harufu, nimechoka na kilio chake kisichokwisha. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikujua huruma yangu inaishia wapi na uchovu wangu unaanzia wapi.

Kesho yake nikamfuata yule jirani wa maksai, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akikamua, kisha akasema, "Ng'ombe wangu hakuniuliza kitu. Huyu mzee jana kanipigia simu kuuliza kama mpunga wake umechanua, na akanitukana kwamba ng'ombe wangu bado wana adabu mbaya. Mtu anayetukana hivyo hajamaliza. Mwulize anaumwa wapi na anataka nini. Ila umwulize kweli, si kama unavyosalimia."

Nilimwuliza. Alisema mgongo unamtafuna kutwa kucha, na kwamba tangu augue hakuna aliyemwambia afanye jambo lolote isipokuwa kumeza na kugeuka. Nikamleta muuguzi wa zahanati ya karibu, mama mwenye sauti kubwa. Kitu cha kwanza alichouliza ni dawa ya maumivu waliyopewa hospitali. Binti akaitoa kabatini. Chupa ilikuwa karibu imejaa. "Nilisikia ni kali, inazoesha," akasema kwa aibu. "Nampa kidogo tu, akizidiwa kabisa." Muuguzi akavuta kigoda, akamwekea mkono begani. "Dada, ulikuwa unambania kwa mapenzi, nakuelewa. Lakini unampa kama daktari alivyoandika, kwa saa zake. Hii haingoji maumivu yafike. Inayatangulia." Kutoka kitandani tukasikia mzee anacheka, kicheko chembamba ambacho sikuwa nimekisikia mwaka mzima. "Nesi, wewe umewahi kuamia?" Muuguzi akajibu, "Nimekulia Chita, mzee. Nimeamia kabla sijajua kusoma." "Basi mfundishe na huyu bwana mdogo. Mimi alinishinda."

Baada ya siku tatu mzee alilala bila kulia, na alipoamka hakuomba tena nilichoogopa. Aliomba jambo jingine: asipelekwe hospitali nyingine, apelekwe shambani. Binti akakataa. "Watu watasema nimemtupa baba porini." Mzee akamjibu, "Mama, hapa ndipo nilipotupwa. Kule nina kazi." Alimwita mama, kama wazee wanavyowaita mabinti wanaowapenda. Binti alilia, kisha akaanza kufunga sufuria. Tulimvusha kwa gari la jirani, tukamtandikia kwenye kibanda chini ya dungu kwa kuwa kupanda hakuweza, na yule jirani akazishusha kamba zote hadi kitandani. Muuguzi alikuja kila wiki kwa pikipiki. Binti alitoa dawa kwa saa zake. Mzee alilala kwa ubavu, macho kwenye mpunga, na kundi lilipoinama kutoka angani alivuta kwa vidole viwili. Majirani walijua yu mzima kwa kusikia makopo. Nilipoona ametulia, nikawaaga nikarudi njiani.

Nimewaza sana kuhusu kazi hiyo. Mkulima anaonyesha magunia, fundi anaonyesha nyumba. Anayeamia ndege hana cha kuonyesha isipokuwa kile ambacho hakikuliwa. Sisi tumezoea kupima maisha ya mtu kwa alichokijenga, na asipoweza kujenga tena tunamwona amebaki kusubiri tu, naye anatuamini. Sijui kama kila mgonjwa aombaye kufa angebadilika kama yeye, na simhukumu yeyote anayeomba, wala anayekaa karibu naye na kuchanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi. Ninachojua ni kwamba nilikaribia kumjibu kabla sijamwelewa.

Siku ya maziko, tulipokuwa bado tumekaa pale shambani, kundi kubwa lilikuja kutoka upande wa mto. Binti akanyanyuka kwenye mkeka, akaingia kibandani, akavuta kamba. Ndege wakageuka wangali hewani. Jirani yake wa ng'ombe akasema polepole, "Kama angekuona angekusifia, halafu angekutukana." Watu wakacheka huku wanalia, na binti hakuiachia kamba.

Tangu hapo nimejiwekea ahadi hii, nami nawaachia nanyi. Mtu akikwambia amechoka kuishi, usikimbilie kuchota maji. Vuta kigoda, mwulize panapouma, ita anayejua kutuliza maumivu, kisha utafute kamba yake iko wapi umwekee mkononi. Na usingoje hadi maumivu yatue.