Mlio Kando ya Kaburi la Babu

Juzi, nyumbani Kagondo, nilifungua koki ya mabomba ya kunyunyizia nyasi niliyoyafukia mwenyewe. Kinyunyizio kikatoa mlio wa ssss, nikaruka nyuma kama mtoto.

Alasiri moja nilipokuwa mdogo, baba alikuwa amechimba mtaro wa mabomba ya maji hadi kando ya kaburi la babu, pale migomba inapoanzia. Gundi ya mabomba ilinuka hadi kichwa kikaniuma. Alipofungua maji, ardhi ilihema. Nilijua jembe limemwamsha babu.

“Tata, babu anapumua!” nilimlilia baba.

“Ni hewa tu, mwanangu.”

Lakini bibi alifanya ishara ya msalaba, nami nikamwamini bibi.

Siku hizi najua ni hewa. Hata hivyo, mtaro wangu umepinda mbali kulikwepa kaburi la baba.