Kisanduku cha Kitovu

Harufu ya wali usiotiwa chumvi wala tui ndiyo iliyonipokea katika nyumba ya mkwe wangu, Sundbyberg, kiungani mwa Stockholm, Uswidi. Nilikuja Stockholm kutoka Lushoto kumsaidia binti yangu Rehema, aliyekuwa na mimba ya mtoto wa pili. Mumewe, Kenji, ni Mjapani. Mjukuu wangu Hana alikuwa na miaka minne. Sasa ana kumi na miwili, na ndiye anayeandika haya ninayoyasema, maana mimi sikupelekwa shule. Nimemwonya asipunguze neno, hata linaloniaibisha. Utoto ni wake, lakini kosa lilikuwa langu.

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Viatu vilivuliwa mlangoni, vikageuzwa ncha zitazame nje. Jioni Kenji na Hana walijisugua kwa sabuni nje ya beseni kubwa, wakajisuuza, ndipo wakaingia pamoja katika maji ya moto, na maji yale yale yakatungoja sisi wengine. Mtoto alilala katikati ya wazazi wake. Mengi niliyakubali bila ubishi, hata kwetu mtoto hulala ubavuni mwa mama yake. Kisha siku moja, nikipanga nguo za mtoto ajaye, nikakuta katika droo kisanduku cha mbao nyepesi, na ndani yake, juu ya pamba, kitovu cha Hana, kikavu kama ganda la kunde.

"Rehema, hiki kinafanya nini humu?"

"Ni desturi ya kwao, Mama. Hutunzwa, na mtoto akiolewa anapewa."

"Miaka minne, kitovu hakijaonja udongo! Umekiweka kama kifungo kilichokatika?"

"Mama, nakuomba, kiache hapo hapo."

Sikukiacha. Nilipokuwa mdogo nilimwona bibi yangu akizika kitovu cha mdogo wangu penye mgomba, akanivuta sikio ili nisisahau mahali. Kwangu mimi, mtoto ambaye kitovu chake hakijazikwa hana kwao. Asubuhi moja Kenji akiwa kazini na Rehema kliniki, Hana alibaki nami kwa sababu ya mafua. Nilimshika mkono tukashuka uani, na chini ya mti wenye gome jeupe nikachimba kwa upawa, nikakiweka kitovu, nikafukia. Kisha nikamvuta sikio. "Hapa ndipo kwenu. Ukumbuke." Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kujutia. Lakini niliongeza: "Na usimwambie baba."

Tangu siku ile kila Kenji alipolisogelea kabati, mkono wangu ulisimama katika kazi yoyote niliyokuwa nayo. Lililonitia hofu zaidi ni mtoto. Baba yake akimuuliza jambo, hata la kama ameshiba, alinitazama mimi kwanza, ndipo akajibu. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wa miaka minne kumwogopa baba aliyemwogesha.

Riku alizaliwa. Kitovu chake kilipodondoka, Kenji alileta kisanduku kipya kilichotumwa na mama yake, akapiga magoti mbele ya droo ili aviweke viwili pamoja. Alikifungua cha Hana. Akainua pamba. Akatazama chini yake. Rehema alinigeukia, na uso wake ukabadilika. Hana, akiwa chini na penseli zake, alinitazama, kisha akamtazama baba yake, akasema kwa Kiswidi maneno machache. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba alisema: Bibi alikipanda.

Kenji alivaa koti. "Mama, nionyeshe," akasema kwa Kiswahili chake cha kuhesabika, na kile kisanduku kitupu akakitia mfukoni.

Chini ya ule mti alichimba kwa vidole katika udongo uliokuwa umeanza kuganda kwa baridi. Hapakuwa na kitu ila udongo.

"Mama, ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa." Alitia udongo kidogo katika kisanduku, akakifunika. "Lakini Hana asingekuwa na siri."

Nilidhani kesho yake nitakatiwa tiketi ya kurudi Lushoto. Tulipopanda juu, alikichukua kisanduku cha Riku, kitovu kikiwa ndani, akakishika kwa mikono miwili, akanikabidhi mimi. "Hiki utatunza wewe."

Miaka minane imepita, nami bado naishi nao. Mgomba wa bibi yangu ulikwisha kukatwa, na mahali pale sasa pamejengwa choo. Kitovu cha mdogo wangu hakuna anayekiulizia isipokuwa mimi. Riku anacheza mpira chini ya ule mti bila kujua lolote. Mimi bado naamini kitovu ni cha udongo, na Kenji anajua kwamba bado naamini. Kila Jumamosi nafuta vumbi katika rafu yangu. Nakinyanyua kile kisanduku cha Riku, nafuta chini yake, nakirudisha pale pale.