Sakafu Ipi?

Fundi milango huyu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, ila mtaani halitumiki. Wanamwita Sakafu Ipi. Zamani alipima mlango kuanzia kwenye zege tupu; vigae vilipowekwa juu yake, mlango ukagoma kufunguka. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Tangu hapo, mtu akimtajia urefu wowote kutoka sakafuni, anauliza swali lilelile.

Safari hii kazi ilikuwa kwa dada yake mkubwa. Dada alipooza mguu mmoja, na kizingiti kirefu cha mlango wa nje, kilichojengwa kuzuia mvua, kilimfungia ndani. Akitaka kuota jua uani, sharti amsubiri mumewe amnyanyue. Mwanamke aliyekuwa akizunguka mtaa mzima kabla ya chai! Fundi ilimuuma sana.

"Shemeji, ukishusha hicho tutalala na vyura," mume wa dada alikuja juu.

"Afadhali. Utapata wa kukusikiliza, dada kachoka."

"Acha utani. Weka shubiri nzima kutoka sakafuni."

"Sakafu ipi?"

Shemeji alicheka bila kupenda. Vigae vilikuwa bado kwenye maboksi. Fundi akatandaza saruji mlangoni, akalaza kigae kimoja, akakigonga mpaka kikatulia.

"Sakafu ni hii, atakayokanyaga dada."

Shubiri ya shemeji hakuiweka: alivunja kizingiti cha zamani, na kipya kilizidi kigae kwa nusu kidole tu. Maji ya mvua aliyatafutia dawa nje. Baraza lilikuwa limeinamia mlangoni, basi akalivunja, akalijenga upya chini kidogo ya kizingiti, likiteremka taratibu kuelekea uani.

Vigae vikaisha kuwekwa, mvua ikaja, tena ya kumwaga. Shemeji alichuchumaa mlangoni na tambara mkononi. Fundi alisimama nyuma yake, roho juu, ingawa asingekiri hata kwa dawa. Maji yaligonga baraza, yakageuka, yakaenda zake. Tambara lilibaki kavu.

Siku iliyofuata fundi alikuja kufunga komeo, akaingia pamoja na shemeji aliyekuwa anatoka kazini. Chumbani hakuna mtu. Jikoni hakuna mtu.

"Mama watoto!" shemeji aliita. "Uko wapi?"

Fundi akatazama chini. Juu ya kizingiti kulikuwa na mchirizi wa vumbi, wa mguu unaoburuzwa.

"Nje!" dada alijibu kutoka uani. "Na asije mtu kuninyanyua. Jua langu bado sijalimaliza."