Gunia la Nguo za Kusomea

Nimeambiwa mara nyingi kwamba ninachezesha watoto badala ya kuwafundisha. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa nasi sakafuni hata asubuhi moja. Ninafundisha watoto wadogo hapa Bunia, katika shule moja ya mtaa wa Nyakasanza, na nyuma ya mlango wa darasa langu kuna gunia lililokuwa la maharage. Ndani yake mna koti jeupe la muuguzi lisilo na vifungo, jaketi la dereva wa pikipiki, aproni za wauza samaki, kofia na vitambaa vya kichwa. Nyingine niliziomba, nyingine niliwanyang'anya dada zangu.

Sheria ya gunia ni moja: huvai kitu bila neno lake. Anayetaka kuwa mganga, ndivyo tunavyomwita daktari hapa, atafute kipande cha nguo kilichoandikwa MUGANGA, akivae shingoni kwa kamba. Muuzaji aandike kwenye katoni anachouza, na mteja asome kabla ya kuomba. Katoni ikisema SABUNI nawe ukaomba samaki, unafukuzwa sokoni, tena kwa matusi ya kitoto ambayo mimi hujifanya sikuyasikia.

Siku moja mganga wetu alichora mistari kwenye karatasi, akampelekea mwenzake wa duka la dawa. Yule wa duka aliigeuza karatasi juu chini, akairudisha.

"Hii haiko dawa," alisema. "Hii iko nyoka."

Mganga alilia sana. Halafu akaja kwangu na kamasi zake, akataka nimwonyeshe dawa inavyoandikwa, na hakunipa nafasi ya kupumua mpaka alipoiweza. Ningemwimbisha a-e-i-o-u ubaoni mwaka mzima, asingeitaka kwa hasira ile.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana aliyetoka na mama yake upande wa Djugu, walipokimbia vita. Hakusema neno mpaka siku aliyovaa aproni ya samaki. Ndani ya aproni alikuwa mtu mwingine: alibishana bei, aliwagombeza wateja, aliandika SAMAKI kwa herufi kubwa zilizopanda mlima. Akiivua, mdomo unafungwa. Sikuwa na haraka naye.

Mwenye haraka alikuwa mkurugenzi wetu, mkuu wa shule. Kila asubuhi, mbele ya bendera, hupita kati ya mistari akikagua uniforme: juu nyeupe, chini bluu. Asiye nayo hurudishwa nyumbani. Wangu nilikuwa nimezoea kuwaficha nyuma ya wenzao, lakini asubuhi moja aliliona gauni la maua la yule msichana. Nikamwambia mkurugenzi kwamba mama wa mtoto anatafuta kitambaa cha kushona, avumilie kidogo. Akasema atavumilia ikiwa mtoto mwenyewe anajua kitu, akatuita ofisini na kuandika herufi kwenye kibao.

Mtoto aliangalia miguu yake.

"Mupatie aproni, Directeur," nilisema. "Akiivaa, atakusomea."

"Madame, shule haiko théâtre ya kucheza. Huyu mutoto hajue kitu. Kesho asirudie hapa."

Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani alilichukua na gunia, akalifungia ofisini kando ya masanduku ya chaki.

Nilikasirika, na sioni aibu kusema. Mtoto amefukuzwa kwao kwa bunduki, leo anafukuzwa tena kwa sababu ya rangi ya gauni! Nilitoka hadi getini nikiwa bado ninachemka. Kina mama walikuwa pale wakingoja watoto, wamenipa mgongo, na juu ya migongo ile kulikuwa na maandishi. Hapa kwetu hakuna sherehe isiyo na kitenge chake. Jubile ya parokia, siku ya wanawake, chama cha wamama, vyote huchapwa maneno yake kwenye kitambaa, na wanawake huvaa mpaka rangi iishe. Aliyefunga gunia langu kwa ufunguo alisahau kwamba mji mzima unatembea umevaa maneno.

"Kesho, bamama," niliwaambia, "kila mutu akuje na kitenge yenye iko na maandiko."

Mama wa Djugu alisogea pembeni. "Siye banatufukuza, Mwalimu."

"Mukuje tu. Miye ndiye nitajibu."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Niliwapanga kina mama uwanjani kama maduka ya sokoni, na watoto wakapita kati yao, kidole mbele, wakisoma nyonga na mabega ya watu. Kelele ilikuwa kubwa. Mkurugenzi alitoka ofisini akiwa na shati lake la Ijumaa, lililoshonwa kwa kitenge cha jubile ya shule, sherehe iliyofanyika kabla mimi sijaajiriwa.

"Madame, hii ni fête gani? Banasherekea nini?"

"Haiko fête, Directeur. Iko leçon ya kusoma."

Mama wa Djugu alikuwa amesimama karibu na geti, ndani ya kitenge kimoja alichokimbia nacho. Binti yake hakuwa na aproni, na niliogopa. Nilimwinamia nikamwambia aanze na mama yake, leo mama ndiye duka. Alimzunguka polepole. Akaweka kidole chini ya kiuno.

"Ma-ma," alisoma. "Wa. I-ma-ni."

Mama alipinda shingo akijaribu kuona mgongo wake mwenyewe.

"Iko vile? Miye sijue kusoma. Nilizania ni maua tu."

Alikuwa amevaa maneno yale kanisani, shambani na njiani akikimbia, na hakuna aliyewahi kumsomea. Machozi yalinitoka mbele ya watu wote.

"Amekariri," alisema mkurugenzi. "Balimufundisha kwao."

"Nani alimufundisha? Mama mwenyewe amesema hajue."

Mtoto hakutusikiliza. Kwake mchezo ulikuwa unaendelea, na katika mchezo wetu kila aliyevaa neno husomwa. Alimwendea mkurugenzi, akashika upindo wa shati, akaunyosha kama anavyonyosha aproni yake.

"Wa-to-to," alisoma. "Wo-te."

Neno la tatu lilikuwa refu, tena limeingia kwenye kunjo karibu na mfuko. "Da..." alisema, akakwama. Hakuangalia miguu yake safari hii. Aliinua macho, akamtazama mkurugenzi usoni, akingoja, jinsi anavyomngojea mteja anayechelewa kusema anachotaka.

Kina mama waligeuka. Mkurugenzi aliinamisha kichwa, akalivuta shati lake kwa vidole viwili, akalisoma yeye mwenyewe kwa sauti ndogo.

"Darasani."

"Asante, Directeur," nilisema.

Nilimshika mtoto mkono, akiwa na gauni lake lile lile la maua, nikamkabidhi kwa wenzake waliokuwa wanaingia darasani. Kisha nikarudi kwa mkurugenzi, nikanyosha mkono, nikamwomba ufunguo wa ofisi.