Nilinenepeshwa Kila Mahali Isipokuwa Usoni

Admin, naomba unifiche jina, maana Garissa ni ndogo na mawifi zangu wote wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, nina watoto wanne na kibanda cha kuuza shuka na baati, yale magauni mapana ya nyumbani, pale sokoni. Mume wangu ni mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu anayejulikana. Hajawahi kunipiga wala kuninyima chakula. Nayasema haya mapema kwa sababu uso wangu unasema mengine, na shida yangu yote iko hapo.

Zamani nilikuwa na mashavu. Kwetu mke mwenye mashavu ni sifa ya mumewe. Akipita, watu wanasema huyu ametunzwa. Tangu mwaka juzi yakaanza kushuka. Chini ya macho pakaingia shimo, taya ikapoteza mstari wake, ngozi ikaning'inia kidevuni. Upande wa kushoto, ambako niling'olewa magego baada ya mtoto wa mwisho, umebonyea kuliko wa kulia, hata mdomo unaonekana umekaa upande. Kila Ijumaa napaka majani ya qasil yaliyosagwa na manjano, kama mama alivyonifundisha. Ngozi inang'aa, lakini shimo linabaki shimo.

Sokoni, nikifunua nikabu mbele ya wateja wanawake, maneno hayaishi. Mmoja aliniuliza kama nimepata kiharusi. Mwingine akasema ni jini, nitafute shekhe anisomee. Yaliyoniumiza zaidi yalimfikia mume wangu msikitini, kwamba ana ng'ombe wote wale na mkewe anakufa njaa. Alirudi nyumbani, akamaliza chai yake kwanza. Kisha akanitazama vile anavyomtazama ng'ombe mnadani, akaniambia nijiandae kwenda kwa mama yake kule kijijini Kotile, mvua imenyesha na maziwa ni mengi.

Kwake hayo yalikuwa mapenzi, sikatai. Mnyama aliyekonda wakati wa ukame anapelekwa malishoni, akirudi mgongo umejaa nyama. Nikaenda. Nilikunywa maziwa asubuhi na jioni, nikala nyama iliyokaangwa kwa samli, mama mkwe amekaa mbele yangu mpaka nimalize. Nilinenepa, walaahi nilinenepa. Makalio yakazikataa nguo zangu zote, tumbo likatangulia kama nina mimba. Uso ukabaki vilevile, na mimi naona hata umezidi kuzama, maana sasa umewekwa juu ya mwili mkubwa.

Niliporudi nikapita kwa daktari wa meno mjini. Alinishika taya, akanitazama huku na huku kwa upole.

"Mama, huumwi," aliniambia. "Mafuta ya usoni hupungua na umri, hata mfupa wa taya hupungua, na pale pasipo na magego panashuka kwanza. Hakuna uso ulio sawa pande zote mbili, uzee unauonyesha tu. Maziwa hayatakwenda pale unapotaka wewe."

Nikampelekea mume wangu habari hiyo nikidhani nimepata mtetezi. Akasema daktari huyo hajawahi kufuga hata mbuzi.

Sasa nifike kwenye linaloniua. Binti yetu wa kwanza anaolewa. Wakwe wanatoka Wajir, watu wenye nafasi zao, na wanawake wao hawajawahi kuniona. Mnazijua arusi zetu: wanawake wanakaa peke yao ukumbini, nikabu zinavuliwa, na mama wa bibi arusi anakaa kiti cha mbele ili kila mgeni amwone. Juzi binti alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Hooyo, siku hiyo usivue nikabu," alisema. "Tutasema unaumwa macho. Eeddo atakaa kwenye kiti chako."

Eeddo ni shangazi yake, dada wa mume wangu, mwanamke mwenye mashavu kama maandazi. Nilimuuliza kama ametumwa na baba yake. Akalia. Akasema hajatumwa na mtu, ila anaogopa wakwe watasema kwetu kuna ugonjwa wa uso kwenda upande na watoto wake wataurithi, au kwamba anatoka nyumba ambayo wanawake hawalishwi. Nikakimbilia kwa mume wangu anitetee. Akasema binti ana akili, ameona mbali.

Nimelia mpaka sauti imekauka. Nimebeba mimba yake, nimemlea, halafu siku yake niwe peke yangu niliyejifunika katikati ya wanawake wenzangu, kama mwizi. Jirani ameniambia kuna mama mmoja huko Nairobi anayechoma sindano za kujaza mashavu kwenye chumba cha nyuma ya duka. Nasikia kuna aliyevimba upande mmoja mpaka leo. Naogopa sana. Lakini kuna saa nasema bora sindano iniue, mradi siku hiyo niwe na mashavu. Angalieni nilikofika.

Jana binti alikuwa anajaribu nguo zake za arusi mbele ya kioo, nami nimesimama nyuma yake. Alipojiona akatabasamu. Shavu la kushoto ndilo linalotangulia kupanda, kama langu lilivyokuwa. Kidevu ni changu. Yale mashavu ni yangu pia, nilimpa mimi, na ipo siku yatashuka kama haya.

Arusi ni Alhamisi. Akina mama wenzangu, na hata akina baba, nawaomba mniambie la kufanya. Nikikaa kwenye kiti changu uso wazi, mwanangu anaweza kunichukia maisha yake yote. Na nikijifunika nimwachie shangazi yake, nitakuwa nimemfundisha kwamba uso kama huu ni wa kufichwa. Siku uso wake nao ukishuka, atajificha kwa nani?