Mwambie Mbuzi, Nitasikia

Jumatano, mwezi wa kumi na moja. Tangu asubuhi ni upepo tu. Mawingu yamesimama upande wa Nyashimo na hayataki kuteremka. Nimeshindwa kutulia. Nimefagia uwanja, nikaufagia tena, ndipo nikachukua kalamu. Darasa la nne langu ni dogo kwa jambo hili, lakini nitajaribu.

Mwanangu, mke wa mjukuu wangu, jana nilikusindikiza kliniki. Nesi akakuuliza kama mtoto anakunywa maji yaliyochemshwa, ukajibu ndiyo. Kuni zimetuishia tangu Jumapili, na wewe unajua. Sikusema kitu pale, labda nilikosea. Ila njia nzima nilikumbuka siku moja nilipokuwa na umri kama wako.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, hapa hapa Bariadi. Zamani kila kaya ilikaa mbali na nyingine. Sasa nyumba zikapangwa mistari, na mimi na mume wangu tukawa kiwanja kimoja na wazazi wake. Serikali ilitaka kila kiwanja kiwe na choo. Mume wangu akachimba, na kwa haki kilikuwa kizuri. Lakini baba mkwe alikitumia, na kwetu wakati ule mke wa mwana kuingia mlango ule ule ilikuwa kama kumvua mzee nguo. Hakuna aliyenikataza, wala hapakuwa na haja. Nikaendelea kwenda vichakani, kando ya mto wa mchanga ambamo tulifukua maji ya kunywa. Si peke yangu. Wake za wana wa mstari mzima tulikutana huko.

Nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja kwa kuhara. Mvua za kwanza ziliposhuka, Kabula, binti niliyekuwa namnyonyesha, naye akaanza kuhara.

Mchana mmoja bwana afya akapita na baiskeli yake. Akachungulia choo, akafurahi, akanisalimia kwa Kisukuma chake cha kujifunza.

"Mwadila, mayu. Choo safi. Mnakitumia wote?"

"Tunakitumia."

"Na mtoto mbona amelegea?"

"Ni meno."

Akasema nimpeleke zahanati hata hivyo, akaondoka. Simlaumu. Alitoka mbali, hakujua desturi zetu, na aliuliza vizuri.

Baba mkwe alikuwa nyuma ya ukuta akisokota kamba ya ng'ombe. Alisikia. Yeye na mimi hatukusemezana uso kwa uso; akiwa na neno alimwambia beberu aliyefungwa pale, nami nikasikia.

"Wewe mwenye ndevu," akamwambia, "mgeni kaja na baiskeli kukuuliza, umemrudisha na jibu bovu. Sasa atatusaidiaje?"

Mama mkwe akacheka ndani. "Mbuzi wako ana heshima, mzee."

"Heshima hiyo ni yangu. Mbona anambebesha mjukuu wangu?"

Kidogo nikasikia jembe. Mzee yule, na magoti yake mabovu, alikuwa anachimba shimo nyuma ya zizi. Mume wangu aliporudi kutoka kwenye pamba akataka kumpokea jembe; mzee akakataa mpaka shimo lilipomfika kiunoni. Kisha akarudi kwa mbuzi.

"Mwambie mama wa mtoto, mimi nimehama. Choo kile ni chake. Na mtoto apelekwe zahanati sasa hivi, hayo ya meno akayaseme huko wamcheke."

Nikambeba, nikaenda, mara natembea, mara nakimbia. Mganga wa zahanati nilimwambia yote: vichaka, mto, yule niliyemzika. Hakunicheka. Akanifundisha kumnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, na kuchemsha ya kunywa.

Nisikudanganye. Sijui kilichomponya Kabula ni kinywaji kile, choo, au Mungu tu. Jirani yangu alifanya hayo hayo na wake akafariki. Bado namfikiria. Ila utotoni mwangu watu wenye mvi walijulikana kijiji kizima kwa uchache wao. Leo wenye mvi tunajaza viti vya kanisa, na watoto wengi wanaozaliwa tunawaona wakikua. Mengi yamechangia, siwezi kuyajua yote.

Basi mwanangu, nesi akikuuliza, mwambie kilichopo, hata kama ni aibu. Asipojua hali yako atakupa shauri la nyumba nyingine. Tuheshimu sisi wakubwa, lakini heshima hiyo asiilipie mtoto. Desturi ikikubana, tuambie. Mwenye akili atahama mwenyewe. Na kama ninayekubana ni mimi, mwambie mbuzi, nitasikia.

Mungu akuzeeshe polepole, na wanao wakuzike wao wenyewe wakiwa na mvi.

Jioni. Mvua bado. Kabula kaja na mzigo wa kuni kichwani, naye sasa ni bibi wa watu. Amechemsha maji kwanza, ndipo akatupikia ugali wa mtama na majani ya kunde makavu kwa karanga. Mtoto wako amekula, amelala.