Bakuli la Dengu la Cephas

Cephas Ochola alifanya kazi ya upishi kwa miaka kumi na minne katika nyumba ya injinia mmoja kutoka Chennai, kusini mwa India, aliyesimamia mitambo ya kiwanda cha sukari upande wa Migori. Injinia aliporudi kwao, Cephas naye akarudi Magunga kwa mkewe Dorine, mwalimu wa shule ya msingi, na kwa wazazi wake. Alirudi na mche wa ule mti ambao Wahindi hutia majani yake kwenye mchuzi, akaupanda nyuma ya jiko. Watu waliuliza kama unazaa matunda.

Kwa kuwa Dorine alitoka alfajiri na kurudi jioni, upishi ukawa wa Cephas. Hakuna aliyepanga hivyo. Baba yake alipopooza, ni yeye aliyemlisha uji kwa kijiko miaka miwili, mpaka wakamzika. Majirani walisema wee, kisha wakachoka. Asiyechoka alikuwa kaka yake mkubwa, Omondi, mfanyabiashara wa Homa Bay, ambaye kila akija alimwita "bi harusi" mbele ya watu. Cephas aliendelea na upishi wake. Walidhani hana hasira, kumbe alikuwa anazimeza.

Jumamosi moja mwezi wa Julai, wanawake wa kanisa walitarajiwa kuja kusali kwake saa tisa. Dorine alikuwa shuleni akisahihisha mitihani. Cephas akaamua kuwapikia wageni vada, kitafunio cha dengu alichojifunza kwa injinia. Majirani waliziita bajia, naye kila mara aliwasahihisha: bajia hutaka unga, vada haina unga hata chembe. Dengu za njano zilizopasuliwa alizifuata Mbita. Aliziloweka asubuhi, akazichuja mpaka zikakauka maji, akaweka kando kiganja kimoja. Zilizobaki akazitwanga kwenye kinu, lakini hakuziacha zilainike. Alitaka chenga, maana chenga ndizo zinazokauka na kulia mdomoni. Akazichanganya na zile za kiganja, vitunguu, tangawizi, pilipili mbichi, bizari nyembamba na majani ya mti wake. Chumvi alitia mwisho, ili vitunguu visitoe maji mapema.

Alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa jiko, vada ya kwanza ameibonyeza kiganjani, mafuta yakianza kupata moto, Omondi alipofika na wageni wawili wa mjini aliotaka kuwaonyesha shamba. Aliwaacha kwenye gari, akaja mpaka jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini asimwaibishe leo. Anawe mikono, aje akae na wanaume wenzake. Cephas akajibu kwamba atakuja akimaliza kukaanga. Omondi hakubishana. Aliinua bakuli la dengu, akalimwaga uani. Kuku walifika kabla hajalitua chini.

Cephas alisimama polepole. Jambo la kwanza alilofanya ni kuepua karai la mafuta na kuliweka mbali, kwa sababu wakati ule hakujiamini.

"Baba alikuwa anajinyea," alisema. "Miaka miwili, Omondi. Nani alimwosha? Nani alimpikia? Wewe ulileta jeneza zuri."

"Usimtaje Baba."

"Nitamtaja. Mkono huu unaouonea aibu ndio aliokuwa ameushika akikata roho. Wako ulikuwa Homa Bay."

Wageni garini walisikia yote. Mama yao, Jedidah, naye alisikia. Alikuwa amekaa kando ya nyumba akichambua dagaa wa omena. Omondi akamgeukia, akamwomba amtulize mwanawe. Cephas naye akamtazama. Alingoja neno moja tu kutoka kwa mama aliyekula chakula chake asubuhi ile ile. Mama akainamia ungo, akaendelea kuchambua.

Hilo lilimuuma kuliko dengu. Akamwambia Omondi aondoke, na asirudi bila kuomba radhi. Gari likageuka, likaenda zake. Wanawake wa kanisa walikunywa chai kwa njugu karanga, na hakuna aliyeuliza kwa nini uani kulikuwa na kuku wengi namna ile.

Dorine alipopata habari alitaka kumpigia simu shemeji yake amwambie yaliyomjaa moyoni. Cephas akamkataza, ugomvi ulikuwa wake. Wiki iliyofuata wajomba waliwaita ndugu wote wawili, wakaamua mdogo amwombe mkubwa msamaha. Cephas aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema hataomba, akachukua kofia yake, akatoka.

Kesho yake alilihamisha jiko lake la makaa kutoka nyuma ya nyumba, akaliweka mbele, karibu na njia ambayo kila aendaye sokoni hupita. Akaloweka dengu mara mbili ya zile za kwanza. Akafunga leso kiunoni na kukaanga mchana kweupe. Waliotaka kucheka walicheka. Waliosimama aliwapa, nao wakatafuna wakiwa wamesimama.

Cephas alimpelekea Mama Jedidah sahani kama kawaida. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka magotini.

"Omondi alikosea," alisema.

"Ungelisema siku ile, Mama, wale watu wakiwepo."

Cephas alirudi kwenye karai, akageuza zilizokuwa zimeiva upande mmoja, na hakumwangalia tena.